Mtutu Mpya katika Bunduki Kuukuu: Kuingia si Kukaa Sawa

Kata ya Ikolo imo katika uwanda wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Uwanda huu hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania; kwa mwaka wa kawaida hunyesha zaidi ya milimita 2,000. Mvua hiyo ndiyo inayoneemesha mpunga, kakao, migomba na michikichi, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayokula chuma. Jembe lililosahauliwa nje huota kutu kwa siku chache. Bunduki ya marisau, ambayo mkulima mwenye leseni au askari wa wanyamapori huitumia kufukuza nguruwe mwitu na nyani, haina kinga ya pekee mbele ya unyevu huo.

Tuseme basi kwamba bunduki ya zamani ya aina hii ina mwili ulio madhubuti bado, lakini mtutu wake umeliwa na kutu. Unapatikana mtutu mwingine, uliotoka katika bunduki ya jina lile lile. Unasukumwa mahali pake nao unaingia bila taabu. Je, bunduki hiyo sasa ni salama? Watu wengi watajibu kwamba ni salama, kwa kuwa mtutu umeingia. Jibu la sayansi ni jingine: usalama wake haujulikani mpaka ipimwe. Makala haya yanaeleza sababu za jibu hilo, na kwa kufanya hivyo yanafundisha mambo matatu yaliyomo katika masomo ya sekondari: kanieneo, mkazo katika bomba, na jinsi makosa madogo ya vipimo yanavyojumlishana.

Sehemu zinazohusika

Bunduki inayozungumziwa huitwa bunduki ya pampu, kwa sababu mkono wake wa mbele huvutwa na kusukumwa kama mpini wa pampu ya baiskeli. Mtutu ni bomba la feleji lililo laini ndani. Upande wake wa nyuma una chemba, yaani chumba kipana kidogo ambamo risasi hukaa. Mtutu hushikwa na mwili wa bunduki, ambao ni kisanduku cha chuma kinachobeba mtambo. Ndani ya mwili huteleza bolti. Mkono wa mbele unapovutwa nyuma, bolti hurudi na ganda tupu hutolewa. Unaposukumwa mbele, bolti huingiza risasi mpya chembani. Kisha jino la bolti huinuka na kuingia katika tundu lake, kama komeo la mlango linavyoingia katika fremu. Tangu hapo bolti haiwezi kurudi nyuma mpaka komeo lifunguliwe.

Risasi ya bunduki hii ni kopo la karatasi au plastiki lenye kitako cha chuma au shaba ya njano. Ndani yake, kuanzia nyuma, mna fataki, baruti, kizibo na marisau. Kitako kina ukingo uliojitokeza kidogo, wenye unene wa karibu milimita 1.8. Ukingo huo hukaa katika mfuo uliochongwa mwanzoni mwa chemba, nao ndio unaoizuia risasi isizame mbele ndani ya mtutu. Msomaji na aukumbuke ukingo huu, kwa maana habari yote ya kubadilisha mtutu inauzunguka.

Kwa nini mtutu hufa kabla ya mwili

Kutu huhitaji vitu viwili, oksijeni na maji, na chumvi huiharakisha. Fataki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa potasiamu kloreti. Kloreti ikiungua hutoa oksijeni na kuacha potasiamu kloridi, ambayo ni chumvi iliyo jamaa ya chumvi ya mezani. Chumvi hiyo hutanda ndani ya mtutu, na mahali penye hewa nyevu kama Ikolo huvuta maji kutoka hewani. Mafuta peke yake hayaiondoi, kwa kuwa chumvi haiyeyuki katika mafuta. Ndiyo sababu watumiaji wa zamani walifundishwa kuosha mtutu kwa maji ya moto, kuukausha vizuri, na ndipo kuupaka mafuta. Aliyepaka mafuta bila kuosha aliifunika chumvi, nayo ikaendelea na kazi yake chini ya mafuta.

Kutu haili chuma sawasawa. Huchimba vishimo, na kila kishimo hupunguza unene wa ukuta wa mtutu mahali pake.

Maana ya namba 12

Mitutu ya marisau hupimwa kwa desturi ya zamani ya Kiingereza. Namba 12 maana yake ni kwamba tufe 12 za risasi (yaani madini ya ledi), kila moja ikiwa na kipenyo sawa na cha ndani ya mtutu, zina uzito wa ratili moja. Mwanafunzi anaweza kukipata kipenyo hicho mwenyewe. Ratili moja ni gramu 453.6, ikigawanywa kwa 12 hupatikana gramu 37.8 kwa kila tufe. Densiti ya ledi ni gramu 11.34 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo mjao wa tufe ni sentimita za ujazo 3.33. Kwa kanuni ya mjao wa tufe, nusu kipenyo ni sentimita 0.927, na kipenyo ni milimita 18.5.

Kutokana na desturi hiyo, kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mtutu unavyokuwa mwembamba. Hapa pana hatari inayojulikana sana. Risasi ya namba 20 ikiingizwa kwa bahati mbaya katika mtutu wa namba 12, huteleza mbele na kukwama baada ya chemba. Mpigaji akiona bunduki haijalia, huenda akatia risasi ya namba 12 nyuma yake. Akifyatua, mtutu uliozibwa hupasuka karibu kabisa na mkono wake wa mbele. Kwa ajili hiyo risasi za namba 20 zimepewa rangi ya manjano katika nchi nyingi. Huu ni mfano wa kwanza wa kanuni ya makala haya: risasi iliingia, lakini haikukaa sawa.

Kani iliyomo ndani ya chemba

Kanieneo ni kani inayosukuma kila kipande cha eneo. Tume ya kimataifa inayosimamia majaribio ya silaha, iliyoanzishwa mwaka 1914 na kufahamika kwa herufi C.I.P., imeweka kwamba kanieneo la risasi za kawaida za namba 12 lisizidi kwa wastani bar 740. Hilo ni takriban mara 740 ya kanieneo la hewa tunayovuta.

Eneo la duara lenye kipenyo cha sentimita 1.85 ni sentimita za mraba 2.69. Bar 740 ni nyutoni 7,400 kwa kila sentimita ya mraba. Kani inayoisukuma bolti nyuma basi ni

2.69 × 7,400 = nyutoni 19,900 hivi.

Hiyo ni sawa na uzito wa tani mbili, yaani magunia 20 ya mpunga yenye kilo 100 kila moja. Magunia hayo yote, kwa muda ulio mfupi kuliko sehemu ya mia ya sekunde, huegemea jino moja la chuma, na nyuma ya jino hilo pana uso wa mpigaji.

Ukuta wa mtutu nao huvutwa. Kwa bomba lenye ukuta mnene, mkazo ulio mkubwa kuliko wote huwa upande wa ndani, na hupatikana kwa kanuni hii:

mkazo = K × (R² + r²) ÷ (R² − r²)

ambapo K ni kanieneo, R ni nusu kipenyo cha nje, na r ni nusu kipenyo cha ndani. Tuchukue r ya milimita 10 na ukuta wa milimita 4, kwa hiyo R ni milimita 14. Bar 740 ni nyutoni 74 kwa milimita ya mraba. Mkazo ni 74 × 296 ÷ 96, yaani nyutoni 228 kwa milimita ya mraba. Ukuta ukibaki milimita 2, R huwa milimita 12, na mkazo hupanda hadi 74 × 244 ÷ 44, yaani 410. Aidha, mkazo hukusanyika katika kingo za vishimo vya kutu, kwa hiyo hali halisi huwa mbaya kuliko hesabu inavyoonyesha.

Kutokana na hesabu hii msomaji ataona pia kwa nini bomba la maji haliwezi kamwe kuwa mtutu. Bomba hilo limekusudiwa kanieneo lililo dogo mara nyingi sana kuliko hili, na mara nyingi limeunganishwa kwa mshono unaokimbia urefu wake wote. Mapipa ya magobore yaliyoundwa kwa mabomba ya namna hiyo hupasukia mikononi mwa wenyewe.

Nafasi ya ukingo

Sasa turudi kwenye ukingo wa risasi. Bolti ikiwa imefungwa, ukingo hubanwa kati ya uso wa bolti na sakafu ya mfuo uliomo nyuma ya chemba. Umbali kati ya nyuso hizo mbili huitwa hapa nafasi ya ukingo.

Nafasi ikiwa ndogo kuliko ukingo, bolti haifungi kikamilifu, na komeo halishiki kama ipasavyo. Nafasi ikiwa kubwa mno, risasi husukumwa mbele na pini inapoigonga, kisha kanieneo hurudisha kitako nyuma kwa kishindo mpaka kiikute bolti. Kwa muda huo mfupi kitako hakina kitu cha kukitegemeza. Kinaweza kuvimba au kupasuka, na gesi yenye moto ikapenya ndani ya mtambo na kuelekea machoni. Hata kama kitako hakikupasuka, kishindo hicho kinachorudiwa kila mara hulila jino la komeo, na nafasi huzidi kukua.

Tofauti kati ya nafasi njema na nafasi ya hatari ni sehemu chache za kumi za milimita. Jicho haliwezi kuiona, wala mkono hauwezi kuihisi.

Mnyororo wa vipimo

Nafasi ya ukingo haichongwi moja kwa moja mahali popote. Hutokana na vipimo vya vipande mbalimbali. Katika bunduki ambayo tundu la komeo limo mwilini, vipimo ni vitatu:

A: umbali katika mwili, kutoka bega la tundu la komeo hadi mwisho wa nyuma wa mtutu;
B: urefu wa bolti, kutoka jino hadi uso wake;
C: kina cha mfuo wa ukingo katika mtutu.

Nafasi ya ukingo = A − B + C.

Tuseme, kwa mfano tu, A ni milimita 92.0, B ni 91.8, na C ni 1.7. Nafasi ni milimita 1.9, nayo inautosha ukingo wa milimita 1.8. Lakini hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza kipande bila kosa lolote. Tuseme kila kipimo kinaweza kuzidi au kupungua kwa milimita 0.1, ambayo ni kama unene wa unywele mnene. Makosa yote matatu yakielekea upande mmoja, nafasi inaweza kuwa 1.6, na bunduki isifunge. Au ikawa 2.2, na ukingo ukabaki na mwanya wa milimita 0.4. Kila kipande peke yake ni kizuri. Kasoro imezaliwa katika kukutana kwao.

Kiwanda cha zamani kililijua jambo hili, nacho kililitatua kwa mkono wa fundi. Fundi alichukua mwili, bolti na mtutu, akavipatanisha kwa tupa na jiwe la kunolea mpaka nafasi ikawa sawa, kisha akavigonga namba moja. Vipande hivyo vilikuwa kama mpini na jembe vilivyofungiwa pamoja: kila kimoja kilimjua mwenzake, wala hakikumjua mwingine.

Mifano miwili ya kweli

Bunduki ya Ithaca Model 37 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Mtutu wake huingia mwilini kwa hesi zilizokatizwa na kuzungushwa robo mzunguko, na komeo lake hushika katika paa la mwili. Kwa maneno mengine, mnyororo wake una viungo vyote vitatu. Bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1963 hivi zilipatanishwa na mitutu yake moja moja kiwandani. Baada ya hapo kiwanda kilibadili utengenezaji ili mitutu iweze kubadilishana. Mtutu wa bunduki mpya na mwili wa bunduki ya zamani vina jina moja, lakini havikukusudiwa kukutana bila fundi kati yao.

Bunduki ya Remington Model 870, iliyotolewa mwaka 1950, ilitatua tatizo kwa njia nyingine. Nyuma ya mtutu wake pana mkia wa feleji unaoingia ndani ya mwili, na tundu la komeo limechongwa katika mkia huo. Bega la komeo na mfuo wa ukingo, yaani A na C, sasa vimo katika kitu kimoja, vimepimwa na mashine moja katika kiwanda kimoja. Mtutu mpya huja na tundu lake. Mnyororo umefupishwa, na kosa limepungua. Tena, ule uzito wa magunia 20 hupita kutoka bolti hadi mtutu bila kuutegemea mwili. Ndiyo maana Mossberg Model 500, iliyotokea mwaka 1961 na kufuata mpango wa namna hiyo, iliweza kuwa na mwili wa aloi ya aluminiamu.

Fundisho ni moja: swali la kwanza kuhusu mtutu wa badala si kama unaingia, bali ni mahali gani komeo linaposhika.

Kutoka kwa mhunzi hadi kwenye geji

Kupatanisha kipande kwa kipande ni desturi ya wahunzi wa dunia nzima. Wakinga wa milima ya Livingstone, mashariki ya uwanda wa Kyela, walifua chuma na kuwauzia Wanyakyusa majembe na mikuki. Kila mpini ulichongwa kufuata chuma chake. Katika Ufaransa ya karne ya 18, Honoré Blanc alijaribu njia nyingine. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani huko, aliandika jinsi alivyounganisha mwenyewe mitambo kadhaa ya bunduki kwa vipande alivyookota ovyo, navyo vikakubaliana. Siri haikuwa mkono hodari zaidi. Siri ilikuwa kwamba vipande vyote vililinganishwa na kielelezo kimoja.

Kielelezo hicho ndicho geji. Fundi wa silaha hutumia mbili kwa kazi hii: ya kwanza, iliyo nyembamba, bolti lazima iifungie, ya pili, iliyo nene kidogo, bolti lazima ikatae kuifungia. Zikijibu hivyo zote mbili, nafasi ya ukingo imo kati ya mipaka. Mwaka 1896 Msweden Carl Edvard Johansson, mfanyakazi wa kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna, alibuni seti ya vipande vya feleji ambavyo kwa kuunganishwa vilitoa maelfu ya vipimo. Vipande vya namna hiyo hutumika hadi leo kusahihisha mikromita katika karakana. Nchini Tanzania kazi ya kutunza vielelezo vya taifa vya vipimo ni ya Shirika la Viwango, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975.

Anachochunguza fundi

Kabla ya kuukubali mtutu wa badala, fundi mwenye leseni huchunguza mambo kadhaa. Husoma jina, namba na alama za majaribio. Hupima nafasi ya ukingo kwa geji mbili. Hupaka rangi nyembamba katika jino la komeo ili aone kama linagusa bega lake kwa upana wote au kwa pembe moja tu. Hutazama kama kivuta ganda kinalingana na mkato wake katika mtutu.

Kisha hupima urefu wa chemba, na hapa pana mtego mkubwa. Bunduki nyingi za zamani, hasa za Ulaya, zina chemba za milimita 65, ilhali risasi za kawaida za leo ni za milimita 70. Urefu unaoandikwa ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Kabla ya kufyatuliwa, mdomo wa ganda umekunjwa, na risasi ya milimita 70 huingia katika chemba ya 65 bila kipingamizi chochote. Inapofyatuliwa, mkunjo hufunguka mahali mtutu unapoanza kuwa mwembamba, njia ya marisau hubanwa, na kanieneo hupanda. Kwa mara nyingine tena, kuingia hakukuwa ushahidi.

Mwisho ni jaribio la kuthibitisha. Chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipewa hati yake mwaka 1637, na mji wa Birmingham ukapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya mwaka 1813. Bunduki hufyatuliwa ikiwa imefungwa katika kifaa, bila mtu kuishika, kwa risasi yenye nguvu kupita kawaida: kwa kipimo cha C.I.P., bar 930 badala ya 740. Baada yake bunduki hupimwa upya. Ikiwa nafasi ya ukingo haikubadilika, hupigwa alama. Alama hiyo ni ya mwili, bolti na mtutu vikiwa pamoja. Mtutu ukibadilishwa, ushahidi wake umekwisha.

Katika Tanzania umiliki wa silaha hutawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki ya marehemu hairithiwi kama jembe. Sharti ifikishwe mbele ya vyombo vya sheria, na kazi ya kuitengeneza ni ya fundi aliyeruhusiwa. Msomaji aliyefuata hesabu za makala haya ataona kwamba sharti hilo lina msingi katika fizikia pia.

Maswali na mazoezi

Mwalimu hahitaji bunduki darasani. Mlango wa darasa wenye komeo watosha: wanafunzi na wapime kwa rula umbali wa fremu, urefu wa komeo na kina cha tundu, kisha wakadirie mwanya kabla ya kuupima.

1. Tafuta kipenyo cha mtutu wa namba 20.
2. Katika mfano wa A, B na C, kosa la kila kipimo likipunguzwa hadi milimita 0.05, nafasi ya ukingo itakuwa kati ya mipaka gani? Je, ukingo wa milimita 1.8 utaingia siku zote?
3. Tafuta mkazo wa ndani ikiwa r ni milimita 10 na ukuta ni milimita 3.
4. Weka misumari mitatu katika chupa tatu: moja kavu iliyozibwa, moja yenye maji kidogo, na moja yenye maji ya chumvi. Andika mabadiliko ya kila siku kwa juma moja, na ueleze.

Majibu: (1) milimita 15.6. (2) Kati ya 1.75 na 2.05, siyo siku zote, kwa kuwa 1.75 ni ndogo kuliko ukingo. (3) Nyutoni 288 hivi kwa milimita ya mraba.